Programu ya watoto imeandikwa "bure", kisha inamfungia mtoto somo katikati

Ndugu wazazi na walimu, naandika nikiwa na hasira na sioni sababu ya kuificha. Binti yangu ana miaka mitano na anajifunza kusoma. Nilimpakulia programu iliyotangazwa kuwa ya bure, akaanza vizuri na irabu, akapita ba be bi bo bu, akamaliza silabi za d, na siku alipotaka kuingia kwenye silabi za f alikuta picha ya kufuli na sungura wa katuni anayetokwa machozi, akiambiwa amwite mzazi wake. Alinijia kuniuliza amekosea nini.

Sipingi kulipia. Wanaoandaa masomo, wachoraji na wanaorekodi sauti wanastahili ujira wao, na kama bei ingewekwa wazi mbele yangu mimi mwenye pesa, ningeamua kulipa au kuacha kabla mtoto hajagusa somo la kwanza. Ninacholalamikia ni mahali kufuli lilipowekwa na macho yaliyolengwa. Waliopanga masomo hayo wanajua kwamba mtoto aliyekwisha kunogewa atalia akizuiwa, na kilio hicho ndicho wanachokituma kije kunidai.

Wala jambo hili si la programu moja. Mwaka 2018 watafiti wa Chuo Kikuu cha Michigan walichapisha uchunguzi wa programu 135 za watoto wa miaka 5 na chini ya hapo, wakakuta asilimia 95 zina matangazo ya namna moja au nyingine, yakiwemo ya wahusika wa katuni wanaomshawishi mtoto kununua.

Kisha kuna hayo yanayoitwa majaribio ya bure, ambayo kwangu ni mabaya kuliko kufuli lenyewe. Unatakiwa kuweka namba ya kadi ya benki kwanza, siku za majaribio zinakwisha kimya kimya, na makato yanaanza. Wazazi wengi hudhani wakiifuta programu kwenye simu wamemaliza, kumbe usajili unabaki hai mpaka uusitishe kwenye mipangilio ya akaunti. Septemba 2020 kampuni inayomiliki ABCmouse, programu ya masomo ya watoto, ilikubali kulipa dola milioni 10 baada ya Tume ya Biashara ya Shirikisho ya Marekani kuishtaki kwamba haikuwaeleza wazazi ipasavyo kuhusu usajili kujirudia wenyewe, na kwamba iliwawekea vikwazo waliotaka kujiondoa.

Wasituambie kwamba haiwezekani kufanya vinginevyo. Khan Academy Kids, ambayo inaendeshwa na shirika lisilo la faida, haina matangazo wala usajili wa kulipia, na GCompris ni programu huria ambayo mtoto anaitumia yote bila kudaiwa. Anayetaka kuuza na auze, lakini aandike kabla ya kupakua ni masomo mangapi yaliyo wazi na mangapi ya kulipia, na habari za malipo azipeleke kwenye ukurasa wa mzazi ambao mtoto hafiki.

Niliwaandikia wenye programu nikawaeleza yote haya. Wakanijibu kwa kunipa punguzo la bei la siku tatu. Sikuomba punguzo. Niliwauliza kwa nini mtoto wangu ndiye aliyeonyeshwa kufuli, na swali hilo hawajalijibu hadi leo.