Kwa nini Agamemnon anauawa ndani?

MamaJukwaa: Wakuu, habari za jioni. Kikundi chetu cha maigizo mtaani kinaandaa Agamemnon, tamthilia ya Mgiriki wa kale Aeschylus, na nimekwama kwenye mauaji. Mfalme anarudi kutoka vita vya Troy, anakanyaga vitambaa vya zambarau hadi mlangoni, anaingia, halafu tunasikia ukelele tu. Vijana wangu wanataka auawe mbele ya watu. Niwakubalie?

Kinyago: Usiwakubalie, dada. Tamthilia hiyo ilichezwa Athens mwaka 458 KK, mchana kweupe, mlimani chini ya Akropoli, ngome ya mji, kwenye sikukuu ya mungu Dionysus. Waigizaji wa kusema hawakuzidi watatu, wanaume watupu, wakibadilisha vinyago. Ukimlaza mmoja jukwaani kama maiti, umepoteza mtu wa kucheza nafasi nyingine.

Lakini hilo ni dogo. Tazama kinachofuata ukelele. Wazee wa kwaya, lile kundi linaloimba na kusema kwa pamoja jukwaani, wako nje wanashauriana: huyu anasema tuvunje mlango, yule tuwaite raia, mwingine tusubiri tuhakikishe. Na mfalme wao anakufa! Hapo ndipo mtazamaji anapoumia, maana naye amekaa tu. Kisha malkia Clytemnestra anaonekana amesimama juu ya maiti mbili, ya mumewe Agamemnon na ya Cassandra, binti mfalme wa Troy aliyeletwa mateka, na anasimulia mwenyewe: alimnasa kwa vazi mfano wa wavu, akampiga mara mbili, na ya tatu akiwa ameshaanguka. Anasema damu ilipomrukia alifurahi kama shamba lililopandwa linavyofurahia mvua. Mkishaonyesha kisu, maneno hayo nani atayasikiliza?

Msomaji_Tanga: Mimi nilifundishwa kwamba kufia jukwaani kulikuwa mwiko wa dini.

Kinyago: Hapana, ndugu yangu. Hippolytus, kwenye tamthilia ya Euripides ya mwaka 428 KK, analetwa amevunjikavunjika na kukata roho mbele ya watu wote. Waathene walichoshindwa kuvumilia ni msiba wao wenyewe. Mtunzi mwingine, Phrynichus, alipoigiza kutekwa kwa Miletus, mji wa ndugu zao, watazamaji waliangua kilio. Wakamtoza faini ya drakma 1,000 na kupiga igizo lile marufuku.

MamaJukwaa: Nimeelewa, asante sana. Kwaya yangu ni watu wanane tu, watatosha?

Kinyago: Wanatosha. Aeschylus alikuwa na 12, mtunzi Sophocles ndiye aliyefikisha 15. Muhimu kila mzee awe na lake la kusema pale nje, na asiwepo hata mmoja anayeugusa mlango.