Naombeni ushauri: mabomba ya joto kwenye karavani yananinyima usingizi

Habari zenu wadau. Naishi kwenye karavani (nyumba ya magurudumu) huku Scotland na baridi imeshaanza kuuma. Joto la humu ni la maji: boila inapasha maji yaliyochanganywa na glikoli (dawa ya kuzuia maji yasigande), kisha pampu ndogo ya volti 12 inayazungusha kwenye mabomba yanayopita chini ya vitanda.

Mchana sisikii kitu. Usiku boila ikijiwasha tu, bomba la upande wa kichwani linaanza glu-glu-glu kama mtu anayekunywa maji mtungini, halafu ta! ta! pale linapopenya kwenye ubao. Mke wangu kashahamia kwenye kochi.

Hiyo glu-glu nadhani ni hewa, maana maji kwenye tangi la akiba yameshuka chini ya alama. Je, vali za kutolea hewa nizifungue pampu ikiwa imezimwa? Na glikoli ya kuongezea, lazima iwe aina ileile iliyomo? Hiyo ta-ta nahisi ni bomba kutanuka likipata moto. Kuna aliyewahi kulizungushia sponji pale kwenye tundu? Inahimili joto?

Kuzima usiku msiniambie, kuna mtoto mchanga humu. Na fundi anataka hela ndefu kuja kuangalia tu.