Djibouti nchi ndogo lakini Ethiopia inapita kwao. Bandari ya Tanga tuna kina cha mita 13, bado nini?

Ngamiani_14:
Wakuu, heshima kwenu. Djibouti ina kilomita za mraba elfu 23 hivi, na shehena ya Ethiopia karibu yote ya baharini inashukia huko. Tanga kina kimetoka mita 3 hadi 13, gati lina mita 450, meli hazitii tena nanga kilomita 1.7 nje na kushushia kwenye matishali (mashua bapa za mizigo). Wenzetu wametuzidi nini? Na mita 13 zinaingiza meli ya drafti gani, yaani inayozama mita ngapi majini?

Raskazone_bahari:
Nijibu la kina. Kipimo cha ramani za bahari huhesabiwa maji yakiwa yamekupwa sana. Chini ya mkuku, yaani uti wa chini wa meli, wengi huacha nafasi ya maji ya asilimia 10 ya drafti. Drafti 11.5 inataka mita 12.65: inaingia wakati wowote. Drafti 12 inataka 13.2: isubiri maji kujaa. Hapo wengi hukosea kuhusu bamvua, maji makuu ya mwezi mpevu na mwezi mwandamo. Maji hujaa sana, ndiyo, lakini hukupwa sana pia, na meli iliyoingia kwa maji makuu itakuwa bado gatini yakitoka. Labda iwe imeshapunguza mzigo.

Halafu kasi. Meli ikitembea kwenye maji haba hudidimia, kwa mraba wa kasi yake. Ukishuka kutoka noti 8 (maili za baharini kwa saa) hadi 4, kudidimia kunabaki robo. Ndiyo maana rubani haendi mbio mlangoni.

Mabawa_shehena:
Djibouti si gati moja. Pale Doraleh, eneo la bandari zao, kuna sehemu ya makontena tangu 2009, ya mafuta peke yake, na ya mizigo mchanganyiko iliyofunguliwa 2017. Nyuma yake kuna reli ya umeme, geji (upana kati ya reli mbili) milimita 1,435, zaidi ya kilomita 750 hadi Addis Ababa, ilianza biashara Januari 2018. Msidhani imemaliza kazi: sehemu kubwa ni njia moja, mifugo hugongwa, na malori bado yanabeba mzigo mwingi kuliko treni.

Sasa piga hesabu ya kwetu. Meli imeshusha makontena 1,000 ya futi 20, kila moja tani 24. Behewa likibeba mawili, treni ya mabehewa 50 inaondoa 100, kwa hiyo treni 10. Kwa barabara, kikomo chetu ni tani 56 pamoja na gari. Lori na tela tupu ni kama 16, zinabaki 40. Mawili ni 48, hayaingii. Malori 1,000, yote kupitia njia panda ya Segera! Yadi hujaa hapo, hata winchi ziwe nzuri vipi. Reli ya geji ya mita moja ya Moshi na Arusha, pamoja na kipande cha Mruazi hadi Ruvu kinachoiunganisha na Reli ya Kati, ndiyo ya kusukumwa kwanza.

Chuda_kichele:
Naongeza tu kwamba Djibouti walipata mteja kwa vita: Ethiopia iliacha bandari ya Assab ya Eritrea mwaka 1998, nchi hizo mbili zilipopigana. Tanga iko katikati ya Mombasa na Dar, mteja anachagua. Mizigo ya kichele, yaani isiyofungwa kwenye magunia wala makontena, mfano ngano, ndiyo nafasi yetu, ila masika someni mkataba wa meli. Mvua ikinyesha milango ya matumbo ya meli hufungwa, na kama mkataba hausemi saa za mvua hazihesabiwi, muda wa kushusha unaendelea kwisha, na ukiisha demareji, malipo ya kuichelewesha meli, inaanza kula.

Ngamiani_14:
Nimeelewa, wakuu. Mabawa, makontena ya tani 18 je?

Mabawa_shehena:
36 na 16 ni 52. Mawili yanapita, ila pima ekseli moja moja. Jumla ikiwa sawa na ekseli ya nyuma imezidi, mizani haikuachii.