Naomba ushauri: watoto wacheze kifudu cha Mekatilili?

Ndugu zangu, shikamooni wakubwa. Nafundisha ngoma wasichana 12 hapa mtaani kwetu Malindi, na Agosti tunataka kumkumbuka Mekatilili wa Menza. Nilipanga wacheze kifudu, maana ndiyo ngoma aliyozunguka nayo vijijini mwaka 1913 akikusanya Wagiriama wakatae kodi na kupelekwa kazi kwa nguvu. Waingereza walimhamishia mbali, hadi bara kule Kisii, naye akatoroka akarudi kwao. Mwaka 1914 Waingereza wakailipua kwa baruti Kaya Fungo, makao matakatifu ya Wagiriama msituni. Kila nikiwasimulia watoto hayo, wananyamaza kabisa.

Sasa juzi nyanya mmoja jirani alikuja kututazama. Akamshika mtoto mkono katikati ya wimbo, taratibu tu, akasema: "Mwanangu, hii ni ya matanga. Hapa nani amekufa?" Nilikosa la kusema. Tangu siku hiyo sijapiga ngoma.

Sitaki kumuenzi shujaa kwa kuvunja mila aliyoipigania. Lakini pia sitaki watoto wamjue kwa sanamu ya mjini peke yake.

Naomba mnieleze, hasa wenyeji wa Kigiriama: wazee wa kaya wanaweza kutoa ruhusa, na huendewa na nini mkononi? Au nibadilishe, wacheze ngoma nyingine ya furaha, kifudu nikisimulie kwa mdomo tu?

Hando, zile sketi za marinda za Kigiriama, tayari tumeshashona 7. Mama mmoja amekunja marinda yote kwa mkono, usiku, kwa taa ya mafuta.