Mjadala: Aliyebomolewa nyumba aitwe mbele kutoa shukrani?

Mleta mada
Mnakumbuka masika ya 2024 hapa Kenya. Mafuriko yaliua watu zaidi ya 200, na Mei serikali ikaamuru walio ndani ya mita 30 kutoka mtoni wahame. Mathare na Mukuru, mitaa ya mabanda ya Nairobi, matingatinga yaliingia matope hayajakauka. Rais Ruto alifika Mathare akaahidi shilingi 10,000 kwa kila familia ikatafute pa kukaa. Muda si mrefu nikawa kwenye ibada ambapo waliobomolewa waliitwa mbele mmoja mmoja washuhudie wema wa Bwana. Wote wakashukuru. Ungesema nini, kipaza sauti kiko mdomoni na unga wa msaada umepangwa nyuma ya mimbari? Gharika ni gharika, lakini tingatinga lina dereva, na dereva ana aliyemtuma. Nabothi alipoporwa shamba (1 Wafalme 21), nabii Eliya hakuwaita jamaa zake watoe sadaka ya shukrani. Alimwendea Ahabu, mfalme aliyelichukua. Shukrani ya namna hii ni imani, au ni kuwafunga watu midomo?

Mama wa Mukuru
Ndugu yangu, mimi ni mmoja wa hao waliobomolewa, na sikushikiwa kipaza sauti. Kabla ya hapo kanisani nilikuwa naenda harusi na matanga tu. Chumba changu cha mabati kilipoenda, walionipokea ni kina mama wa ushirika, nao wenyewe walikuwa wamebanana chumba kimoja na watoto. Hawakunihubiria. Walinipa sufuria na pa kulala, na jioni walipoimba nikajikuta naimba nao. Ndipo nilipookoka. Sasa ukisema shukrani yangu nimefundishwa na mchungaji, unaninyang'anya kitu ambacho hakuna aliyenipa ila Mungu na wale kina mama. Na kumshukuru Mungu hakujanizuia kwenda kuuliza kwa nini jina langu halimo kwenye orodha ya zile 10,000. Naenda na Biblia mkobani.

Halafu huyo Nabothi wako alikuwa na urithi wa baba zake. Sisi tulikuwa wapangaji. Landilodi aliyejenga kando ya mto akala kodi miaka yote, nani amemwita mbele?

Mchangiaji mwingine
Mleta mada unaleta siasa madhabahuni. Waseba na Wakaldayo walioteka mifugo ya Ayubu walikuwa watu, si upepo. Bado alisema, "Bwana alitoa, na Bwana ametwaa."

Mleta mada
Hiyo ni sura ya kwanza, ndugu. Fika ya 3 umsikie akilaani siku aliyozaliwa. Ukifika 42:7 utaona Mungu amewakasirikia wale marafiki waliokuwa wakimfundisha namna ya kusema, si yeye. Mama, wimbo wenu wa jioni sina neno nao. Ugomvi wangu ni na anayekuita mbele huku mtu wa kamera akijipanga.

Kutoka Katesh
Huku Hanang, Tanzania, Desemba 2023, mlima ulimeguka, tope likafukia nyumba na watu. Sisi hatukuwa na dereva wa kumuuliza, ndiyo maana maneno ya "Mungu ana makusudi" yalitufikia mapema, hata maiti hazijapatikana zote. Wapo walioshukuru kwa kubaki hai. Wapo ambao mpaka leo kanisani wanakaa tu, hawasimami kushuhudia, nasi hatuwasukumi. Wachungaji wa mjini wangejifunza hilo la kutosukuma.

Mama wa Mukuru
Mmejibizana Ayubu mpaka mwisho wa kitabu. Swali langu la landilodi hamjaligusa.