Nimeitwa kwenye mashua ya mashindano Lamu, nianze vipi mazoezi?

kijana_wa_kibokoni
Habari zenu jamani. Niko Mombasa, kazi yangu ni ya kukaa kwenye kompyuta kutwa nzima, mwaka wa 6 huu. Mjomba ana mashua Lamu, ameniambia Novemba kwenye tamasha la utamaduni niwe baharia wake, nimefurahi mno, tangu utotoni namtazama tu nikiwa ufukweni. Mwezi uliopita tukatoka kujaribu, na kusi ndo hii inavuma. Kutweka tanga tu, nimevuta henza (kamba ya kupandishia tanga) kidogo vidole vikakataa kufunga, foromali, ile boriti inayobeba tanga, ikasimama nusu ya mlingoti mpaka mwenzangu akaja kuipokea kamba. Kisha tukakaa nje kwenye ubao mashua isilale, mapaja yakaanza kutetemeka yenyewe. Nina miezi 4. Nimelipia jimu, napiga vyuma vya kifua na pushapu, niko sawa ama napoteza wakati?

baharia_shela
Karibu sana ndugu yangu. Pushapu si mbaya lakini chomboni utasukuma nini? Kule ni kuvuta, kushika na kuhamisha magunia ya mchanga kila mnapobisha, yaani mnapogeuza chombo kukabili upepo, mnayatoa upande mmoja mnayapeleka goshini, upande upepo unakotoka, na chombo kimelala, mgongo umeinama, na hakuna anayekungoja. Tafuta kamba nene funga juu ya mti, ning'inia sekunde 10 upumzike, rudia mara 5, kila wiki ongeza kidogo. Ukiwa na ghorofa hapo kwenu weka ndoo ya mchanga chini uivute mpaka juu kwa mkono baada ya mkono, polepole, na kuishusha pia polepole usiiachie, maana demani, ile kamba ya kuongozea tanga, ikipata upepo ndo vile vile inavyokuvuta. Na usivute kwa mikono peke yake, kita miguu kwenye taruma (mbavu za chombo) uvute kwa mgongo na mapaja, vidole vyako vilikufa sababu vilifanya kazi peke yao.

dada_wa_msasani
Mie naendesha Laser huku Dar, ile mashua ndogo ya tanga ya mtu mmoja, tanga lake mita za mraba 7 na kitu, kwa hiyo kukaa nje ya chombo nakujua vizuri 😊. Mapaja yanatetemeka kwa sababu msuli umekaza haupumziki, sio sawa na kukimbia. Egemeza mgongo ukutani, shuka kama umekaa kitini hakuna kiti, sekunde 30 mara 4, siku 3 kwa wiki, ukifika dakika 2 bila kuhema utaona tofauti. Ila usifanye hiyo tu!! Mimi nilifanya mapaja ya mbele peke yake msimu mzima, goti likaanza kuuma hata kupanda ngazi, ikabidi nipumzike wiki 3. Lala chali kunja magoti unyanyue kiuno, hiyo inashika nyuma ya mapaja, na plenki kwa ajili ya tumbo.

mzamiaji
Kuogelea je? Hamjamuuliza. Anza na hilo kaka, tena uogelee na nguo mwilini, na jaketi la kuokolea uvae hata wenzio wasipovaa.

kijana_wa_kibokoni
Naogelea ndio, ila na nguo sijawahi, Jumapili maji yakijaa nitajaribu na binamu yangu akiwa karibu. @baharia_shela je nivae glavu? Viganja vishatoka malengelenge.

baharia_shela
Wiki hii pumzisha, yakauke, usiyapasue. Ukirudi anza bila glavu kidogo kidogo mpaka sugu iote, kamba ikilowa unataka uihisi inapoteleza. Na siku 2 kwa wiki usifanye chochote, lala.

kijana_wa_kibokoni
Ahsanteni sana, vyuma vya kifua naacha kwanza. Leo jioni nimefunga kamba kwenye mwembe wa nyumbani, nimening'inia sekunde 7. Nitarudi hapa mwisho wa mwezi niwaambie imefika ngapi.