Kuna mtu Tanga hii anastahili kupigwa marufuku kwenye hitma zote mpaka Pongwe

Mjukuu wa Ngamiani:

Wakuu, naandika mkono bado una mafuta ya pilau, herufi zikipishana mnisamehe.

Simtaji. Sina haja ya kumtaja, mnamjua. Asubuhi ukipita kwenye kahawa Ngamiani yupo, jioni ukienda Makorora ameshakutangulia, na kote anahadithia kitu ambacho wewe hujakiona. Yule yule.

Leo kulikuwa na hitma mtaani. Nimesoma juzuu yangu, dua ikapita, masinia yakaingia. Nikamwona anakuja upande wetu, nikatanua magoti nionekane nimejaa, akajipenyeza vile vile. Sawa, riziki haina mwenyewe. Hatujafika popote, akaniinamia sikioni. Nikadhani anaomba pilipili. Wallahi mkono ulishafika kwenye kibakuli, nimekisogeza, nasubiri ahsante. Akasema, kwa sauti ya mtu anayekupa siri ya mirathi: "Bahasha ile haina kitu."

BAHASHA. HAINA. KITU.

Wanaofuatilia ile tamthilia ya Kituruki ya usiku wameshashika kichwa. Msiofuatilia: ni bahasha ya majibu ya vinasaba. Tumeingojea tangu mvua za vuli. Imeibwa, imefichwa chini ya godoro, imeloa, imekaushwa kwa pasi, imempeleka mmoja jela na mwingine wodini, na mama mkwe amekuwa akiitazama kwa lile jicho lake la kope za kubandika. Jana wakakata binti ameshika ncha ya bahasha na kidole kimeshaanza kuchana. Nimelala na kidole kile. Nimeamka nacho. Naingia hitma nimetulia, najua saa tatu usiku na mimi nitapumzika.

Halafu huyu bwana, anayeangalia mbele huko mtandaoni kwa Kituruki ambacho hata salamu yake haijui!

Nikamwuliza, ndugu yangu, nimekukosea nini? Akajibu, "Nimekuhurumia tu, usikeshe bure." Kisha akavuta pilipili. Pilipili niliyomsogezea mimi! Kwa mkono wangu! Akachovya!

Tonge limenikaa hapa mpaka sasa hivi. Nataka wadau tukubaliane, asialikwe. Hitma, arobaini, maulidi, harusi, hata mechi ya Coastal pale Mkwakwani akae nje ya geti.

Mama Wawili:
Pole kaka. Mimi alinikuta saluni, alimfuata mkewe. Nimekalishwa chini ya drai, masikio yote yamezibwa, nikasema leo nimepona. Akaandika kwenye simu, akakuza maandishi, akanionyesha kupitia kioo. KUPITIA KIOO. Nikasoma kinyumenyume na bado nikaelewa.

Kijana wa Usagara:
Subirini kwanza. Mleta uzi ni mwanaume? Una ndevu zako, unasalimiwa shikamoo, halafu unalala na kidole cha binti wa Kituruki? Mkeo anajua?

Mjukuu wa Ngamiani:
Mke wangu ndiye aliyenianzishia, na jana alilia kunizidi. Usitutoe kwenye mada. Mada ni pilipili. Mtu anakuharibia usiku wako halafu anachovya!

Kahawa Chungu:
Hii chai. Hitma gani ina kibakuli cha pilipili? Kwetu Chumbageni ni kachumbari na ndizi mbivu, basi.

Mama Wawili:
Chumbageni mnakula nini cha kuhadithia watu nyie.

Bi Mkubwa:
Wanangu, huyo mtu mnamwonea. Wenye makosa ni wanaokata. Huko Uturuki kipindi kimoja huonyeshwa mara moja kwa wiki, na kinakwenda saa mbili na zaidi. Kikitoka nje kuuzwa kinapasuliwa vipande vya kama dakika 45. Ndiyo maana mtu anakatwa kikombe kiko mdomoni, kesho ndiyo anameza. Binti wa watu hakukatwa penye kituo, amekatwa palipotokea wembe. Na mkishapokea hicho kipande, mwanzo wanarudia ya jana, katikati matangazo ya sabuni, mwisho wanawaonyesha ya kesho. Cha leo kiko wapi?

Mama Wawili:
Bi Mkubwa umegusa kidonda. Na hizo sauti za Kiswahili je? Bibi na bi harusi sauti ya dada mmoja! Juzi bibi anamgombeza bi harusi, mama yangu akatoka jikoni anauliza huyu mbona anajigombeza peke yake.

Kijana wa Usagara:
Na yule mzee tajiri akikasirika mdomo unakwenda dakika nzima, Kiswahili chake kinatoka "Sawa." Mengine yote amemeza nani?

Mjukuu wa Ngamiani:
Jamani. Bahasha.

Msemakweli:
Kwani nani kasema iko tupu tangu mwanzo? Karatasi aliitoa shangazi siku ile ya mvua, akaificha nyuma ya picha ya marehemu. Inakuja kuonekana picha ikianguka. Mtoto ni wa dereva.

Mjukuu wa Ngamiani:
WEWE!!!

Mama Wawili:
Wa dereva?? Dereva gani, yule mwenye kovu??

Msemakweli:
Ndiyo. Nilidhani mnajua, huko kwao si ilikwisha zamani.

Mjukuu wa Ngamiani:
Mods! Mods mko wapi! Nimekuja kulalamika kuhusu mtu aliyenimwagia bahasha, mnanimwagia na dereva! Humu ndani ni kule kule kwenye sinia!

Kijana wa Usagara:
Sogeza pilipili mkuu 😂😂😂

Kahawa Chungu:
Nimecheka mpaka jirani kagonga ukuta. Sogeza pilipili!

Mzee wa Antena:
Vijana mnalilia bahasha. Bara hii tulikaa mpaka 1994 ndiyo tukapata televisheni ya kwetu. Wenzetu Zanzibar walikuwa nayo, tena ya rangi, tangu miaka ya 1970. Sisi tunafunga antena kwenye mlingoti juu ya paa kuwatafuta wao. Mmoja juu ya bati anazungusha, mmoja dirishani anapiga kelele "Hapo hapo! Ah, umepitisha, rudi!" Picha ikikubali wote wanakimbilia ndani, na wewe wa juu unaambiwa ushikilie hivyo hivyo usitikisike. Unasikia watu wanacheka ndani ya nyumba uliyoikalia kichwani.

Mama Wawili:
Mzee, huyo wa juu ya bati ni wewe.

Mzee wa Antena:
Nilikuwa mimi. Kaka yangu mpaka leo hajanihadithia walichokuwa wanacheka.

Bi Mkubwa:
Angalau kulikuwa na cha kuchekwa. Kero yangu mimi ni hizi komedi za siku hizi. Suruali imepandishwa mpaka kifuani, meno yamepakwa rangi nyeusi, halafu wanaweka kicheko cha kurekodi ili ujue hapo ndipo pa kucheka. Mzee wetu wa hapa hapa Tanga, King Majuto, alikuwa anaingia mlangoni tu, hajafungua mdomo, anatafuta pa kuweka bakora yake, sebule nzima iko chini. Ametutoka Agosti 2018, na mimi tangu hapo sijamwaga chai kwa kucheka.

Kijana wa Usagara:
Bi Mkubwa, kwa heshima yote, wapo wanaochekesha, ila wako kwenye simu. Kipande cha dakika moja, hakuna matangazo, hakuna bahasha.

Kahawa Chungu:
Kwenye simu bando linakwisha kabla mtu hajafikia pa kuchekesha. Bora televisheni.

Msemakweli:
Bora ipi? Tangu wazime analojia hapa Tanga mwanzoni mwa 2013 mimi ni mtumwa wa king'amuzi. Kifurushi kinajua siku ya fainali kuliko ninavyoijua mimi. Wiki nzima kinaonyesha watu wanaokoroma kwenye makochi, siku ya kesi kusomwa hukumu, skrini ya buluu.

Mjukuu wa Ngamiani:
Wewe usiseme kitu humu. Umeshasema vya kutosha.

Mama Wawili:
Langu dishi, lina miezi linasumbua. Wingu likipita Muheza mimi hapa Mabawa picha inaganda. Jana mama mkwe kagandia jicho moja limefumba, tumetazamana naye mpaka taarifa ya habari.

Mzee wa Antena:
Hilo dishi limeinama. Upepo wa kusi umelisukuma. Panda bati.

Mama Wawili:
Mzee mimi sipandi bati, nataka fundi. Nani ana fundi mwaminifu?

Kahawa Chungu:
Yupo mmoja Mikanjuni, karibu na mashine ya kusaga. Ila mwambie aje na ngazi yake, akikuta huna anaondoka na nauli anadai.

Mjukuu wa Ngamiani:
Wakuu turudi kwenye mada.

Kijana wa Usagara:
Mada si dishi?

Mama Wawili:
Huyo wa Mikanjuni anachukua shilingi ngapi? Na Jumapili anafanya kazi?